App ya picha za harusi inaanza kazi Jumapili mchana

Nikimwambia mtu hapa Moshi kwamba siku hizi nadizaini app ya kushea picha za sherehe, jibu huwa lile lile, "aisee mangi, si kuna WhatsApp?" Na sio swali la kijinga hata kidogo, ndo swali unalotakiwa uwe na jibu lake kabla hujachora hata kitufe kimoja. Kweli kila harusi ina grupu lake, limefunguliwa miezi kadhaa nyuma kwa ajili ya michango, katibu anapandisha orodha kila jioni, nani kaahidi, nani kalipa nusu, nani anapiga chenga, afu siku ya siku watu wanaanza kumwaga picha humo humo katikati ya orodha ya ahadi. Picha kumi, "hongereni sana", stika ya maua, picha nne zile zile za juu kaleta mtu mwingine, mtu anauliza bakuli lake la hotpoti lilibaki kwa nani. Kesho yake jioni huwezi kupata kitu.

Afu kuna ubora. Picha ya simu ya kawaida ya megapikseli 12 ni kama pikseli 4000 kwa 3000, inabeba MB 3 mpaka 5. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inafika ikiwa na kilobaiti mia kadhaa tu. Tangu 2023 kuna kile kitufe cha HD lakini embu niambie shangazi yako wa Kibosho amewahi kukibonyeza lini. Na kubwa zaidi ni kwamba grupu lina watu wa kamati na waliochangia. Yule mama aliyekuja kwa kadi ya double ya mumewe hayumo. Vijana waliobeba maspika hawamo. Majirani waliokesha wanapika hawamo. Hao wote wana simu na wote wamepiga picha.

Na picha zao ndo zenyewe. Mpiga picha wa kulipwa anafanya kazi nzuri sana lakini anapiga alichoajiriwa kupiga, maharusi, wasimamizi, meza kuu, keki, ndafu ikiingia na fataki zake, wazazi wakikabidhiwa zawadi. Meza ya kumi na saba pale nyuma karibu na jenereta hafiki, au akifika anapiga moja ya haraka haraka watu wanatafuna. Bibi aliyeteremka kutoka mgombani kwake na kitenge chake kipya akakaa pembeni na wenzake, picha yake nzuri kuliko zote utaikuta kwenye simu ya mjukuu aliyekaa naye. Na hiyo simu kesho kutwa itajaa, mjukuu atafuta picha ili apate nafasi ya kudanlodi kitu kingine, imeisha hiyo. Kwa hiyo kazi ya app kama hii kwangu mimi ni moja tu, kuzitoa hizo picha kwenye simu za watu kabla hazijafutwa.

Sasa hapo ndo natofautiana na karibu kila aplikesheni ya aina hii niliyowahi kuifungua. Zote zimedizainiwa kwa ajili ya ukumbini. Fungua, piga picha humu humu, ipandishe sasa hivi, ione kwenye skrini kubwa, gonga moyo. Inapendeza kwenye video ya matangazo. Lakini hebu mwangalie mgeni wa kweli saa tatu usiku kwenye ukumbi wowote wa hapa mjini, au Arusha pale Njiro. Mkono mmoja una sahani au chupa ya soda. Taa zimezimwa zinawaka za rangi tu. Chaji iko asilimia 20 kwa sababu ametoka nyumbani asubuhi kwenda kanisani, akapita saluni, akapiga picha njia nzima kwenye msafara na matarumbeta. Watu mia tatu nne wako kwenye mnara mmoja wa simu. MC anasema tusimame. Huyu mtu hawezi kuaplodi chochote na wala hataki, amekuja kucheza. Ukimlazimisha afanye kazi yako saa hiyo atafunga ukurasa na hatarudi tena.

Mtu huyo huyo mwangalie Jumapili saa nane mchana. Ametoka ibadani, amekula, kajilaza kwenye kochi, simu iko kwenye chaja, anapitia galari yake anacheka peke yake. Anachagua ipi aweke stetasi. Hapo ndo mteja wako. Harusi inaisha usiku wa manane Jumamosi, app inaanza kazi Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ukishakubali hilo karibu kila skrini inabadilika.

Ukumbini nabakiza kitu kimoja tu, mgeni ajitambulishe mara moja, sekunde chache, basi arudishe simu mfukoni. Kila meza inakuwa na kikadi chenye QR kodi, anaskani, anafungua kwenye brauza, hamna kuinstoli kitu. Na kile kikadi kinajua ni cha meza namba ngapi, hiyo ni muhimu, nitaieleza huko mbele.

Hapo kwenye kikadi niwape moja ambayo haiko kwenye vitabu vya dizaini. QR zilitengenezwa na kampuni ya Denso Wave kule Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, kwa hiyo zilitengenezwa zikijua zitachafuka, na ukichagua kiwango cha juu kabisa cha kusahihisha makosa inasomeka hata kama karibu asilimia 30 imeharibika. Soda imwagike, mchuzi udondoke, fresh tu. Kinachoiua sio mchuzi, kinachoiua ni rangi ya dhahabu. Wenzetu wanaochapisha kadi wanapenda dhahabu jamani, dhahabu juu ya krimu, na maua yanapita juu ya kodi, na simu kwenye mwanga hafifu haioni tofauti kati ya dhahabu na krimu, inabaki inatafuta tu. Mimi nimeshagombana na mtu wa stationari hapo mjini kwa ajili ya hilo, ananiambia nyeusi inaharibu mandhari ya sherehe, maharusi wamechagua "gold and cream", nikamwambia weka dhahabu pembeni zote unazotaka hata ukifunika meza nzima, ila kile kiboksi kiwe cheusi juu ya nyeupe na kisipungue upana wa kiberiti. Tulielewana kwenye kiberiti.

Baada ya kuskani inakuja skrini ya jina. Hapa nina maoni makali. Fomu ya jina la kwanza, jina la ukoo, barua pepe, nenosiri, hiyo futa yote. Barua pepe ya nini ukumbini? Namba ya simu nayo hapana, sisi ni nchi ambayo kila mtu ameshapokea ile sms ya "ile hela tuma kwenye namba hii", mgeni akiona ukurasa asioujua unamuomba namba afu asubiri kodi ya tarakimu sita, kwanza sms itachelewa, pili ameshaanza kukufikiria vibaya. Sisi tumeweka swali moja, "Wanakuitaje?" na chini yake vitufe viwili, upande wa bwana harusi, upande wa bibi harusi, na cha tatu kidogo cha marafiki na wa kazini. Watu wanaandika wanavyoitwa kweli. Mama Glory. Baba Kelvin. Fundi wa Rau. Mjomba mkubwa. Wakija akina Mama Glory watatu hakuna tatizo lolote, kwa sababu Mama Glory wa upande wa bibi harusi aliyekaa meza ya tisa, ukoo mzima unamjua.

Vitufe vyenyewe vikubwa, hilo sitalisema sana, Google wanasema eneo la kugusa lisipungue dp 48 na Apple wanasema pointi 44, hivyo ni vipimo vya kwenye skrini, mimi ukumbini naongeza zaidi ya hapo kwa sababu kidole kina mafuta ya kuku. Na mandhari ya giza, maana ukurasa mweupe kwenye ukumbi uliozimwa taa unammulika mtu usoni mpaka meza ya jirani inageuka.

Tatizo la albamu tupu ni la kukaa nalo kidogo. Mwaka 2011 kule Marekani ilitoka app inaitwa Color, ya jamaa anaitwa Bill Nguyen, wawekezaji walishaipa dola milioni 41 kabla haijafika mikononi mwa watu. Wazo lilikuwa zuri tu ukilisikia, watu walioko sehemu moja wanaona picha za wenzao moja kwa moja bila kuombana urafiki. Sasa mtu anaidanlodi yuko nyumbani peke yake, anafungua, hamna kitu. Hamna picha, hamna watu, hamna maelezo ya maana. Anafunga. Mpaka mwisho wa 2012 imeshazimwa. Hela zote zile na kilichowashinda kwa sehemu kubwa ni ile dakika ya kwanza ya mtu wa kwanza.

Kwa harusi zetu dawa ipo na ni ya bure, kwa sababu harusi yetu haijawahi kuwa siku moja. Kuna kuvalishana pete, kuna kupeleka mahari, kuna send-off wiki moja kabla. Kwa hiyo kamati inapofungua albamu lazima iweke picha za send-off kwanza, bila hizo kitufe cha kutengeneza vikadi vya meza hakifunguki. Kwa hiyo mgeni wa kwanza anayeskani saa moja usiku wakati maharusi bado wako njiani anakuta kitu, anajitafuta kwenye picha za send-off, anamwonyesha jirani, jirani naye anaskani. Ile saa moja na nusu ya kusubiri maharusi ambayo kila mtu anailalamikia ndo muda pekee ukumbini ambao mgeni hana kazi, tunautumia huo.

Ila kitchen party haiingii humo. Hapana kabisa. Kitchen party ni ya akina mama, yanasemwa mambo na yanachezwa mambo, na kuna ndugu zetu wa Kiislamu ambao kwenye sherehe ya wanawake watu wanavua hijabu kwa sababu wanajua wako wenyewe. Albamu ya kitchen party ni albamu nyingine, linki nyingine, mlango mwingine, na haina kitufe cha kushea kabisa. Nimesikia hoja kwamba mtu anaweza kupiga skrinshoti. Ndiyo anaweza. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kitu ambacho mtu lazima adhamirie kukifanya na kitu ambacho kidole kinateleza tu picha imefika kwa baba mkwe.

Turudi Jumapili. Nani anamkumbusha mgeni? Namba zake hatuna na ukurasa wa brauza hauwezi kumpigia kengele kwa uhakika. Wenzangu wa dizaini wataanza kufikiria notifikesheni, mimi nikaangalia tu desturi iliyopo. Baada ya harusi kamati huwa inatuma meseji ya shukrani. Kadi za kidijitali zilishatumwa kwa kila mgeni kwenye simu yake, kwa hiyo njia ya kumfikia ipo tayari mkononi mwa kamati, na shukrani lazima itumwe hata kama sisi hatupo. Kwa hiyo tunamwandalia katibu maneno, anabonyeza tu kutuma, na anaweza kuyabadilisha atakavyo:

"Habari za Jumapili wapendwa. Familia na kamati tunawashukuru sana kwa upendo wenu jana. Picha zimeshaanza kuingia, gusa hapa uone za meza yenu. Na wewe kama ulipiga yoyote usituache, tuwekee hapo hapo."

Angalia mpangilio wake. Kwanza shukrani, pili tunakupa, tatu ndo tunaomba. Mgeni akifungua haoni "pakia picha zako", anaona picha za meza ya tisa alipokaa yeye, na kwenye kona kuna yeye mwenyewe amefumba macho. Anacheka, anakumbuka anayo nzuri zaidi ya hiyo, anaitoa. Hiyo ndo kazi ya namba ya meza niliyosema. Wengine wangetafuta mtu kwa kutambua sura, kama Google Photos wanavyopanga watu kwa nyuso, na teknolojia ipo tu. Mimi sitaki. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka taarifa za kibayometria kwenye zile taarifa nyeti, na za watoto pia, na harusi ya Kichagga ina watoto wangapi wanakimbia kati ya meza? Sitaki kukusanya nyuso za ukoo mzima kwenye sava kwa ajili ya kitu ambacho namba ya meza inakifanya vizuri tu. Mtu anajua alikaa wapi.

Sasa kuchagua picha. Brauza inamfungulia mtu galari yake achague mwenyewe, hatuombi kuona galari nzima, na hili naliandika kwa maneno kwenye skrini kabisa, "tunaona zile ulizochagua tu". Simu ya mtu mzima ina picha ya kitambulisho cha NIDA, risiti za benki, picha ya jeraha aliyomtumia daktari. Hata wenye mifumo wameshaliona hilo, iPhone tangu iOS 14 na Android tangu toleo la 14 unaweza kuipa app picha kadhaa tu badala ya zote. Mtu akiombwa galari yote anasita, na yuko sahihi.

Afu skrini ninayoipenda kuliko zote kwenye kazi hii yote, na haina uzuri wowote machoni. Ukishachagua inakuambia hivi: "Picha 24. Itakula kama MB 15 za bando lako." Basi. Kitufe cha kutuma chini yake.

Watu wa Ulaya wanaodizaini hizi vitu hawaiweki kwa sababu intaneti yao ni ya mwezi. Huku mtu anajua kabisa kabakiwa na MB ngapi na zinaisha saa ngapi. Ukimficha anaogopa, anachagua picha mbili anaacha. Ukimwambia MB 15 anapiga hesabu kichwani anaona ah, kumbe kidogo, anarudi kuongeza nyingine. Hizo 15 zinapatikana kwa sababu picha inapunguzwa kwenye simu yake kabla ya kuondoka, upande mrefu unakuwa pikseli 2048, kama kilobaiti mia sita hivi kila moja, badala ya MB 4. Zingeenda nzima nzima ni karibu MB 100. Na 2048 sikuichagua kwa kubahatisha, picha ya kusafisha ya saizi ya postikadi, inchi 6 kwa 4, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji 1800 kwa 1200. Kwa hiyo inatosha kusafishwa na kuwekwa kwenye fremu sebuleni. Anayetaka ile kubwa kabisa kwa ajili ya bango kuna kiandishi kidogo cha "tuma na kubwa ukipata WiFi", hakigusi mtu asiyekihitaji.

Wakati inapanda hatuonyeshi asilimia. Tunaonyesha "zimefika 9 kati ya 24". Asilimia 37 haimwambii mtu chochote, ila tisa zimefika anaelewa hizo tisa ziko salama hata bando likiisha sasa hivi. Na kweli ziko salama, kila picha inakwenda peke yake, mtandao ukikatika, na ukipanda kuelekea Kilema au Mwika unakatika sana kwenye makorongo, ukirudi inaendelea na ya kumi. Kasoro ni kwamba brauza ikifungwa inasimama, hilo ndo gharama ya kukataa kuinstoli app na sijapata dawa yake nzuri, kwa sasa kuna maneno tu yanasema usifunge mpaka ziishe. Kuna simu nyingi humu mitaani ambazo hata ungekuwa na app kamili zinaiua ikiwa nyuma ili kutunza chaji, kwa hiyo hasara yenyewe sio kubwa kama inavyosikika.

Mpangilio wa picha nao ni kisanga. Unaweza kufikiri ni rahisi, kila picha ina saa yake ndani ya faili, panga kwa saa. Ndiyo, afu mpiga picha analeta za kamera yake ambayo saa haijawahi kurekebishwa tangu inunuliwe, kwa hiyo keki inakatwa kabla watu hawajaenda kanisani. Na zile alizotumiwa mtu kwa WhatsApp hazina saa kabisa, zimefutwa taarifa zote, kilichobaki ni jina la faili, IMG, tarehe, WA na namba. Tarehe yenyewe ni ya kupokea. Tumeacha kushindana na saa, tunapanga kwa matukio, Kanisani, Picha za nje, Kuingia, Keki, Ndafu, Zawadi, Muziki. Matukio hayafuati ratiba ya MC kwa sababu ratiba ya MC na ukweli ni watu wawili tofauti, kuna mtu mmoja wa kamati amekaa karibu na DJ anagonga kitufe kila sehemu inapoanza. Picha yenye saa nzuri inaingia yenyewe, isiyo na saa mwenyewe anaiburuta au tunaiacha kwenye fungu la "Nyinginezo", ambalo, nikwambie ukweli, ndo fungu linalochekesha kuliko yote.

Na saa zikionyeshwa zionyeshwe kwa Kiswahili. Saa 3:20 usiku. Sio 21:20. Na siku isikatike saa sita usiku, simu inadhani ile rumba ya saa saba usiku ni ya Jumapili wakati kila mtu anajua ni ya harusi ya Jumamosi, kwa hiyo kwetu siku inageuka alfajiri saa kumi na mbili.

Kuna kitufe kingine kidogo chini ya kila picha, "Niondoe". Aliyemo kwenye picha anakigusa, picha inafichwa papo hapo, hatumuulizi kwa nini, afu aliyeipandisha anapata ujumbe aamue kuikata au kuifuta. Wajumbe wa kamati huwa wanakipinga hiki, wanasema watu watafuta picha za harusi. Mimi nakuwa mgumu. Kuna mtu ameomba ruhusa kazini kwamba anauguliwa. Kuna mtu kaja na mtu. Kuna mama ambaye hataki tu, na hadaiwi maelezo. Picha ikifichwa masaa mawili harusi haijaharibika.

Misiba ni mada ya kujitegemea ila niiguse. Mtu amefia Dar au nje anarudishwa kuzikwa kihambani, nusu ya ukoo iko mbali haikuweza kufika na inataka kuona. Albamu inafaa sana hapo, ila ile ile ya harusi haifai. Mioyo na kuhesabu waliopenda vinatoka vyote. Hakuna picha inayoonekana mpaka mtu mmoja wa familia aipitishe, hasa za jeneza na za kuaga mwili. Na meseji ya Jumapili haipo, familia ndo inaamua lini, wengine wanangoja mpaka waanue matanga. Kwenye msiba nimetoa vitu vingi kuliko nilivyoongeza, na mpaka leo natoa.

Kuhusu kupata picha zote mwishoni, bibi harusi hataki faili moja la zipu la GB mbili kwenye simu yenye nafasi ya GB 32 iliyojaa. Anataka flashi. Anataka flashi kweli, ya kushika, akaichomeke kwenye TV ya mama mkwe Krismasi watu wote wamerudi nyumbani. Kwa hiyo kuna ukurasa wa kompyuta kwa ajili ya mtu wa stationari, anaingiza namba ya albamu, bibi harusi anaidhinisha kwenye simu yake, jamaa anashusha zote kwenye flashi zikiwa zimepangwa kwenye mafolda kwa matukio. Sijaona mshindani yeyote mwenye kitu kama hicho na sidhani kama watakiweka.

Kinachonisumbua sasa hivi ni kipaimara. Harusi ina familia mbili, kipaimara kina watoto themanini kanisa moja asubuhi moja, wakitoka hapo kila mmoja anaenda kwenye sherehe yake nyumbani kwao na turubai lake. Picha za kanisani ni za wote, za nyumbani ni za familia. Mzazi aliyekaa mbele kapiga watoto kumi wamepiga magoti, tisa sio wake, na wazazi wa hao tisa walikuwa nyuma hawakuona kitu, hiyo picha wanaihitaji kweli. Lakini ni picha za watoto wa watu, na siwezi kufungua albamu moja ya kanisa zima kila mtu aingie. Ninachofikiria ni kwamba picha ya kanisani inakaa imefungwa mpaka mzazi aguse mtoto wake kwenye picha na kusema huyu ni wangu, afu mwalimu wa kipaimara anathibitisha, lakini hapo nimeshampa mwalimu kazi ya siku nzima na yeye ana watoto themanini. Kama kuna mtu yuko kwenye kamati ya wazazi hapa Moshi au Arusha na mwaka huu mna kipaimara, tuandikiane hapo chini, nije nikae nanyi kwenye kikao kimoja nisikilize tu mnavyogawana picha sasa hivi.